Jinsi ya kumjadili Andrew Luck kwa hoja zinazosimama

Ubishi kuhusu Andrew Luck hauishi kwa sababu wanaobishana hawajibu swali moja. Huyu anasema jamaa alikuwa kwotabeki hatari, yule anajibu kwamba hakubeba kombe hata moja, na wote wawili wamesema kweli. Luck aliichezea Indianapolis Colts, timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kuanzia 2012 na kustaafu Agosti 24, 2019 akiwa na miaka 29 tu. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuingia kwenye mjadala huo akiwa na cha kusema, awe anamtetea au anampinga.

Kwa ambaye futiboli ya Kimarekani bado ni ngeni kwake: kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua urushwe wapi. Mbele yake wanasimama walinzi watano ambao kazi yao kubwa ni kuwazuia wapinzani wasimfikie. Pasi ikidakwa na mwenzake ndani ya eneo la mwisho ni tachidauni, ikidakwa na mpinzani imenaswa, na yeye akikamatwa kabla hajaachia mpira, hapo ameangushwa. Ukiyashika hayo, hesabu zote zilizoko hapa chini utazielewa.

Kubalianeni swali kabla ya kutoa takwimu

Ndani ya mjadala wa Luck mna maswali manne. La kwanza: alikuwa mzuri kiasi gani alipokuwa uwanjani? La pili: angefika wapi kama mwili ungemruhusu? La tatu: nani alaumiwe kwa kukatika kwa safari yake? La nne: anastahili kuingia Ukumbi wa Magwiji ulioko Canton, Ohio? Kila swali lina ushahidi wake, na ushahidi wa moja mara nyingi hauna kazi kwenye jingine. Idadi ya mbavu zilizoumia haithibitishi kwamba alikuwa mkali, na tachidauni 40 za msimu wa 2014 hazisemi lolote kuhusu nani alimwacha apigwe.

Kosa linaloharibu mijadala mingi ni mtu kurukia swali jingine akibanwa. Umemwonyesha mwenzako kwamba Luck alikuwa miongoni mwa makwotabeki bora wa 2018, naye anakujibu, "Sawa, lakini aliwatoroka wenzake." Usimfuate huko. Mrudishe: hilo ni suala la kustaafu, tutalifikia, kwanza tumalize hili la uwezo. Mpinzani mwenye hoja atakubali, na asiyekubali ni bora umjue mapema.

Rekodi yake, msimu kwa msimu

Weka takwimu hizi karibu. Zote ni za msimu wa kawaida, bila mechi za mtoano.

2012: mechi 16, ushindi 11, yadi 4,374, tachidauni 23, zilizonaswa 18, kuangushwa 41
2013: mechi 16, ushindi 11, yadi 3,822, tachidauni 23, zilizonaswa 9, kuangushwa 32
2014: mechi 16, ushindi 11, yadi 4,761, tachidauni 40, zilizonaswa 16, kuangushwa 27
2015: mechi 7, ushindi 2, yadi 1,881, tachidauni 15, zilizonaswa 12, kuangushwa 15
2016: mechi 15, ushindi 8, yadi 4,240, tachidauni 31, zilizonaswa 13, kuangushwa 41
2017: hakucheza
2018: mechi 16, ushindi 10, yadi 4,593, tachidauni 39, zilizonaswa 15, kuangushwa 18

Jumla ni mechi 86, ushindi 53, kushindwa 33, yadi 23,671, tachidauni 171 na pasi 83 zilizonaswa. Kwenye mtoano alishinda mara nne na kufungwa mara nne. Aliitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara nne, na baada ya msimu wa 2018 akapewa tuzo ya mchezaji bora aliyerudi uwanjani.

Takwimu hizi zinahitaji muktadha mara mbili. Yadi 4,374 za 2012 zilikuwa rekodi ya kwotabeki wa mwaka wa kwanza, zikiipita 4,051 ya Cam Newton ya mwaka mmoja nyuma. Lakini mwaka huohuo ni asilimia 54.1 tu ya pasi zake zilizofika. Anayempinga atakutupia asilimia hiyo, na atakuwa na haki mpaka umweleze kwamba ushambuliaji wa kocha Bruce Arians ulijengwa juu ya pasi ndefu, ambazo hufika kwa nadra na hunaswa kirahisi. Arians ndiye aliyeiongoza timu kwa muda mrefu wa msimu huo wakati kocha mkuu Chuck Pagano akitibiwa saratani ya damu, akapata ushindi 9 katika mechi 12. Tena timu yenyewe ilitoka kwenye ushindi 2 katika mechi 16 mwaka 2011, msimu ambao Peyton Manning, kwotabeki aliyemtangulia Luck, alikaa nje mzima kwa sababu ya shingo.

Muktadha wa pili ni wa 2014. Tachidauni 40 ziliongoza ligi nzima, moja zaidi ya Manning aliyekuwa Denver. Hiyo ndiyo karata nzito kuliko zote kwa anayemtetea Luck, kwa sababu haitegemei "angekuwa".

Hesabu mbili za kufanya kwa mkono

Wengi wanataja alama za kwotabeki bila kujua zinavyopatikana, halafu wakiulizwa wanababaika. Jifunze hesabu yenyewe, haichukui hata dakika tano. Inahitaji vitu vitano: pasi alizojaribu, zilizofika, yadi, tachidauni na zilizonaswa. Tuchukue 2018, alipojaribu pasi 639 na 430 zikafika.

Asilimia ya zilizofika ni 67.29. Toa 30, zidisha kwa 0.05, unapata 1.865. Yadi kwa kila pasi ni 7.188. Toa 3, zidisha kwa 0.25, unapata 1.047. Tachidauni ni asilimia 6.10 ya pasi zote. Zidisha kwa 0.2, unapata 1.221. Zilizonaswa ni asilimia 2.347. Zidisha kwa 0.25, kisha uitoe kwenye 2.375, inabaki 1.788. Jumlisha zote nne, gawanya kwa 6, zidisha kwa 100: alama 98.7. Kila kipande hakiruhusiwi kuzidi 2.375 wala kushuka chini ya sifuri, ndiyo maana alama za juu kabisa ni 158.3.

Ukifanya hivyo kwa safari yake yote, pasi 2,000 zilizofika kati ya 3,290, unapata 89.5. Mpinzani atasema hiyo ni ya kawaida, na kweli si ya kutisha. Onyesha mwelekeo badala ya kung'ang'ania wastani: 76.5 mwaka 2012, 87.0 mwaka 2013, 96.5 mwaka 2014, kisha 96.4 mwaka 2016 na 98.7 mwaka 2018. Ukiuweka kando mwaka wa majeraha wa 2015, hakuwahi kushuka kwa maana yoyote. Aliondoka akiwa kwenye kiwango chake cha juu kabisa, na hilo ndilo linalowauma mashabiki wa Colts hadi leo.

Hesabu ya pili ni kiwango cha kuangushwa. Chukua mara alizoangushwa, gawanya kwa jumla ya pasi alizojaribu na mara alizoangushwa. Mwaka 2016: 41 gawanya kwa 586, asilimia 7.0. Mwaka 2018: 18 gawanya kwa 657, asilimia 2.7. Ina upungufu mmoja ambao lazima uujue: haihesabu mapigo yanayomfika kwotabeki mpira ukiwa umeshatoka mkononi. Luck alikuwa hodari wa kuachia mpira sekunde ya mwisho, halafu akabomolewa. Kwa hiyo asilimia 4.2 ya 2014 isikudanganye ukadhani alikuwa salama mwaka huo.

Lawama: hapa ndipo penye mzigo

Sehemu hii inahitaji utulivu, maana kila mtu ana wa kumbebesha. Wapo wahusika watatu: menejimenti ya timu, Luck mwenyewe, na bahati mbaya. Hoja nzuri inampa kila mmoja fungu lake.

Anza na menejimenti. Ryan Grigson alikuwa meneja mkuu kuanzia 2012 hadi Januari 2017. Alikuwa na kwotabeki kijana mwenye mshahara wa kianzio, na huo ndio wakati timu huwa na fedha na nafasi ya kumjengea ukuta. Angalia alichofanya na nafasi zake za kwanza kwenye drafti, ule utaratibu wa timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mwaka 2013 alimchukua Bjoern Werner, mchezaji wa ulinzi. Septemba 2013 aliitoa nafasi ya kwanza ya 2014 kwa Cleveland Browns ili ampate mkimbiaji Trent Richardson, ambaye kwenye msimu wake wa kwanza Indianapolis alipata wastani wa yadi 2.9 kila alipokimbia na mpira. Mwaka 2015, Luck akiwa tayari na misimu mitatu ya kupigwa, nafasi ya kwanza ikaenda kwa mpokeaji Phillip Dorsett. Mlinzi wa mbele hakuchukuliwa kwenye raundi ya kwanza mpaka 2016, alipokuja Ryan Kelly wa kucheza katikati.

Sasa linganisha na kilichofuata. Chris Ballard alichukua nafasi ya Grigson, na kwenye drafti ya 2018 akamchukua Quenton Nelson kwa nafasi ya 6, kisha Braden Smith kwa nafasi ya 37. Wote wawili ni walinzi wa mbele. Msimu huohuo Colts ndiyo iliyoruhusu kwotabeki wake kuangushwa mara chache kuliko timu yoyote kwenye ligi: mara 18. Ukitaka kielelezo kimoja tu cha kupeleka kwenye ubishi, peleka hiki. Kwotabeki yuleyule, bega limeshapasuliwa, kawekewa ukuta, akapata alama zake bora kuliko zote.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu mpinzani makini atauliza: mbona kocha mpya, Frank Reich, naye alibadilisha mchezo? Ni kweli. Chini ya Reich mpira ulitoka haraka na pasi zilifupishwa. Yadi kwa kila pasi zilishuka kutoka 7.8 mwaka 2016 hadi 7.2 mwaka 2018, huku asilimia ya pasi zilizofika ikipanda kutoka 63.5 hadi 67.3. Ukikubali hilo, hoja yako inazidi nguvu: sehemu ya mapigo ya miaka ya nyuma ilitokana na mpango wa mchezo uliomtaka ashike mpira muda mrefu, na sehemu nyingine ilitokana na Luck mwenyewe kupenda kuushika.

Fungu la Luck mwenyewe mashabiki wake hawapendi kulisikia, nalo ni kubwa kuliko wanavyokiri. Ni mtu mkubwa wa mwili, na alicheza kama anayeuamini mwili huo kupita kiasi. Alikuwa mgumu wa kuteleza chini akikimbia na mpira, njia ambayo kanuni imewapa makwotabeki ili wasigongwe. Alikuwa mgumu wa kuutupa mpira nje shambulizi likikwama. Akishapigwa, alikuwa akimsifu aliyempiga, papo hapo, akiwa bado anajiinua kutoka kwenye nyasi, na mabeki wa timu pinzani walikuwa wakisimulia jinsi jambo hilo lilivyowachanganya. Linapendeza, ila linakueleza mtu asiyeyaona mapigo kuwa jambo la kukwepwa. Novemba 2015 dhidi ya Denver Broncos, timu iliyokuwa haijafungwa msimu huo, alikimbia na mpira akabanwa na wapinzani. Figo lilichanika na msuli wa tumbo ukararuka kwa sehemu. Alimaliza mechi, Colts ikashinda 27 kwa 24, na msimu wake ukaishia hapo.

Bega la kulia, la kurushia, liliumia Septemba 2015. Alicheza nalo hivyohivyo msimu mzima wa 2016, akafanyiwa upasuaji Januari 2017, na akaukosa mwaka wote. Hapa lawama inagawanyika: timu iliyomruhusu, na mchezaji aliyekubali. Maelezo ya kitabibu ya ndani hayako hadharani, kwa hiyo usijifanye daktari. Kusema kwamba gegedu la bega lilichanika na kwamba msimu wa 2017 ulipotea kunatosha.

Mizani yangu: menejimenti ina fungu kubwa zaidi, Luck anafuata kwa karibu, bahati ni ya mwisho. Ukiwa na mizani tofauti, itetee kwa ushahidi huohuo.

Mitego minne utakayotegewa

"Bila yeye, 2015, Colts ilishinda zaidi." Huu ni mtego mzuri kwa sababu ni kweli. Msimu huo Luck alishinda 2 na kufungwa 5, na waliomshika nafasi, mechi nyingi kati ya hizo akiwa mkongwe Matt Hasselbeck, walishinda 6 na kufungwa 3. Usikatae. Panua picha: kuanzia 2012 hadi 2018 Colts ilicheza mechi 112 za msimu wa kawaida. Kwenye 86 za Luck ilishinda 53. Kwenye 26 zilizobaki ilishinda 10 na kufungwa 16, zikiwemo 12 ilizofungwa mwaka 2017. Mwaka 2015 ulikuwa mwaka wake mbaya na aliucheza akiwa ameumia. Mwaka mmoja hauzidi nguvu saba.

"Alinufaika na kundi dhaifu." Hoja hii nayo ina nyama. AFC South, kundi la Colts, ya miaka ile ilikuwa nyepesi, na Colts ilishinda mechi zote 6 za kundi mwaka 2013 na zote 6 mwaka 2014. Mpinzani akisema ushindi 11 kwa miaka mitatu mfululizo ulipakwa mafuta na ratiba, mkubalie kiasi. Kisha mtajie mechi ya mtoano ya Januari 2015 ugenini Denver, alipomfunga Manning 24 kwa 13.

"Hajawahi kumfunga New England." Ndiyo, alicheza na New England Patriots mara sita na kufungwa zote sita: 59 kwa 24, 43 kwa 22, 42 kwa 20, 45 kwa 7, 34 kwa 27 na 38 kwa 24. Kitu cha kufanya hapa ni kuhesabu pointi walizofungwa: 261, wastani wa 43.5 kwa mechi. Ni kwotabeki gani angeshinda kwa ulinzi huo? Kwenye mechi ya Novemba 2014 mkimbiaji Jonas Gray peke yake alikimbia yadi 201 na kufunga tachidauni nne. Ila uwe mkweli: kwenye ile ya 59, tachidauni mbili zilitokana na pasi za Luck zilizonaswa na kurudishwa hadi mwisho. Mpinzani anayeijua mechi hiyo atakuumbua ukilificha hilo.

"Hana pete." Pete ni ile wanayovishwa mabingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inazimwa kwa jina moja: Nick Foles. Walitoka drafti moja, ya 2012, Luck nafasi ya 1 na Foles raundi ya tatu. Foles alishinda Super Bowl ya Februari 2018 na akatajwa mchezaji bora wa mechi. Hakuna anayejua mchezo atakayekwambia kwamba Foles alikuwa kwotabeki bora kuliko Luck. Russell Wilson naye ni wa drafti hiyohiyo na ana pete, na alistahili, lakini aliipata akiwa na ulinzi bora kabisa kwenye ligi. Dan Marino hakuwahi kuipata, na tangu 2005 yuko Canton.

Anayemtetea Luck naye ana mtego wake wa kujitegea: kuishi juu ya mechi moja, ile ya Januari 2014 dhidi ya Kansas City Chiefs. Colts ilikuwa nyuma 38 kwa 10 kipindi cha tatu na ikashinda 45 kwa 44. Luck alirusha yadi 443 na tachidauni nne, na mpira mmoja uliomtoka mwenzake karibu na mstari aliudaka akauruka nao hadi ndani. Ni mechi ya kusimuliwa. Lakini alinaswa pasi tatu siku hiyo, na sehemu ya shimo aliichimba mwenyewe. Itaje yote.

Kujenga "angekuwa" yenye nidhamu

Hapa ndipo watu hutia chumvi. Njia ya kawaida ni kuchukua msimu wake bora na kuuzidisha kwa miaka kumi, na hapo Luck anakuwa mkubwa kuliko kila mtu aliyewahi kurusha mpira. Fanya makadirio mawili badala ya hilo moja.

Kadirio la chini linamwacha Luck na mwili wake uleule. Alikaa Colts misimu saba, majeraha yakiwemo, akapata yadi 23,671 na tachidauni 171. Mpe misimu saba mingine ya aina hiyo, ikiwemo mmoja wa kukosa kabisa, mpaka wa 2025 ambao angefikisha miaka 36. Unapata yadi 47,342 na tachidauni 342. Joe Montana alimaliza na 40,551 na 273, japo zama zake zilikuwa za pasi chache na kanuni kali zaidi kwa wapokeaji, kwa hiyo kumpita kwa jumla si kumpita kwa ubora.

Kadirio la juu linamwacha na ukuta wa 2018. Misimu yake mitano aliyocheza yote au karibu yote ina wastani wa yadi 4,358 na tachidauni 31. Kwa miaka saba hiyo ni yadi 30,506 na tachidauni zipatazo 218. Ukijumlisha na alizokuwa nazo unafika 54,177 na 389. Marino ana 61,361 na 420. Hata kwa matumaini, basi, Luck hamfikii. Jambo moja la kiufundi: tangu 2021 msimu wa kawaida una mechi 17 badala ya 16, kwa hiyo unapolinganisha misimu ya zama tofauti tumia wastani wa mechi. Wake ni yadi 275 na karibu tachidauni mbili.

Ushahidi mwingine wa "angekuwa" uko kwenye timu aliyoiacha. Mwaka 2019, na Jacoby Brissett, ilishinda 7. Mwaka 2020, na Philip Rivers mwenye miaka 38, ilishinda 11 na kufika mtoano, ikafungwa na Buffalo Bills kwa pointi 3. Kisha Carson Wentz, kisha Matt Ryan, kila mwaka uso mpya. Ile ya 2020 ndiyo ya kushikilia: Luck angekuwa na miaka 31, akicheza nyuma ya Nelson na Kelly. Hapo ndipo pengo linapoonekana kwa macho, kuliko kwenye makadirio yoyote.

Suala la siku aliyoondoka

Habari ya kustaafu kwake ilivuja wakati Colts ikicheza mechi ya kujiandaa na msimu dhidi ya Chicago Bears, nyumbani Lucas Oil Stadium, na Luck akiwa amesimama pembeni ya uwanja. Alipokuwa akitoka, sehemu ya mashabiki walimzomea. Usiku huohuo aliwaambia waandishi kwamba amenasa kwenye mzunguko wa kuumia, maumivu na kujitibu, na kwamba mzunguko huo umemwondolea furaha ya mchezo. Wakati huo kilichokuwa kikimsumbua ni kigimbi na kifundo cha mguu.

Anayemlaumu ana hoja moja ya haki, nayo ni muda: siku 15 kabla ya mechi ya kwanza ya msimu. Timu haina pa kumpata kwotabeki wa maana mwishoni mwa Agosti. Itoe hoja hiyo kwa heshima na ijibiwe kwa heshima. Jibu lake ni kwamba aliacha miaka mitatu ya mkataba mnono, na mtu haachi fedha za namna hiyo kwa kero ndogo. Kumwita mwoga hakuna msingi wowote. Huyu ni mtu aliyemaliza mechi figo likiwa limechanika.

Canton

Kanuni inamtaka mchezaji awe amekaa nje misimu mitano kamili, na Luck ameshavuka hapo. Wanaomtaka aingie hutaja wenye safari fupi waliokubaliwa: Gale Sayers mwenye mechi 68, Terrell Davis mwenye 78. Kabla hujaitumia hoja hiyo, angalia walichobeba. Davis alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1998, msimu aliokimbia yadi 2,008, na ana pete mbili na tuzo ya mchezaji bora wa Super Bowl. Sayers alichaguliwa kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi mara tano. Kwa makwotabeki, Kurt Warner aliingia na mechi 124, akiwa na tuzo mbili za mchezaji bora wa ligi na pete. Luck hana tuzo ya mchezaji bora wa ligi, hakuwahi kuchaguliwa kikosi cha kwanza, na mechi yake kubwa kuliko zote, fainali ya AFC, nusu moja ya ligi, ya Januari 2015, aliipoteza 45 kwa 7. Jim Brown, Barry Sanders na Calvin Johnson waliondoka mapema kama yeye, lakini kila mmoja wao alishakuwa bora kwenye nafasi yake kwa misimu kadhaa.

Kwa hiyo kwenye swali la nne mimi niko upande wa wanaosema hapana, huku kwenye la kwanza nikiwa upande wa Luck bila kusita. Misimamo hiyo miwili haigombani. Ukitaka kunibishia kuhusu Canton, niletee msimu mmoja ambao Luck alikuwa kwotabeki bora kuliko wote kwenye ligi. Anza na 2014, ndio wenye matumaini, na ujiandae kumweleza mtu kwa nini si Aaron Rodgers, kwotabeki aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi msimu huo.